Ufa Hauhami

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa mtaani kwetu wakati muuzaji alipoangusha chupa ya spiriti. Harufu ilipanda mara moja. Watu waliziba pua, mmoja akatoka nje akilalamika. Mimi nilishika ukingo wa meza, kwa sababu maumivu yalinipiga ghafla chini ya bega la kulia, mahali ambapo hapajaniuma tangu nilipokuwa mtoto ambaye hajaanza shule. Watu wa rika langu wanaijua harufu ile kuliko vijana. Kwetu ilikuja pamoja na mlio wa sindano ikichemka kwenye sufuria ndogo juu ya jiko la mafuta ya taa, sindano nene ya chuma, ambayo ikitoka kwa mtu mmoja huchemshwa tena na kwenda kwa mwingine.

Nilisoma madarasa manne tu, mengine nimejisomea mwenyewe, na nimezoea kuyaweka mambo kwa mpangilio kabla ya kuyasema. Habari hii sijawahi kuipanga. Kila nikiianza, mshtuko wa siku zile unanirudia ukiwa mzima, na mpangilio unavurugika. Nitajaribu.

Sisi ni Wakisi, watu wa ufukweni, pale ambapo milima ya Ukinga inashuka hadi kwenye Ziwa Nyasa na kuacha ukanda mwembamba wa mchanga. Mashamba ya maana hayakuwapo. Wanaume walivua, wanawake walifinyanga. Vyungu ndivyo vilivyotuletea mchele wa Ngonga na ndizi za Ipinda, kwa maana mama na wenzake walivipakia kwenye mtumbwi, wakavivusha hadi upande wa tambarare, wakabadilishana na wakulima huko.

Chungu kilipotoka motoni na kupoa, mama alikiinua kwa mkono wa kushoto, vidole vikiwa ndani ya mdomo wake, kisha akakigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole. Kilicho kizima kililia sauti safi iliyokaa hewani kidogo. Chenye ufa kilitoa sauti fupi na nzito, kama gogo bichi. Ufa wenyewe mara nyingi hukuuona kwa macho, na mama hakuutafuta. Hakugonga mara ya pili. Alikichukua chungu kile bila neno, akakiweka nyuma ya nyumba, ambako kilipewa kazi ya kutunza majivu au maganda hadi kitakapovunjika chenyewe. Udongo mbichi ukipasuka unaulowesha na kuufinyanga upya. Uliokwisha kupita motoni haurudi. Jambo hilo nililijua kabla sijajua kuhesabu.

Mwaka ninaouzungumzia mvua zilikuwa kubwa hata kwa kipimo cha kwetu, na kwetu mvua si mchezo. Nguo hazikukauka. Mikeka iliota kuvu, kitabu cha nyimbo kiliota kuvu, viatu vya kanisani vya baba, ambaye wakati huo alikuwa kusini kwenye migodi kama baba wengi, viliota manyoya ya kijani kibichi. Ndipo nikapata kichomi. Kilianza kwa homa na kikohozi, kisha maumivu ya ubavu wa kulia yaliyonifanya nivute pumzi kidogo kidogo, kama mtu anayeonja uji wa moto. Mama alinipa dawa zote za nyumbani. Homa ilishuka, ikapanda, ikashuka, ikakataa kuondoka. Nikakonda hadi mama mdogo, ambaye hakuwa na breki mdomoni, akasema ukinisimamisha uani kuku watanidhania kijiti cha kulalia.

Mama mdogo ndiye aliyelazimisha twende zahanati. Alikuwa mdogo wa mama, mjane, na kwa kasia hakuna mwanaume wa kijiji aliyemcheka. Wakanilaza katikati ya mtumbwi, vyungu mbele na vyungu nyuma, kwa kuwa safari ya kwenda tambarare haikufanywa mikono mitupu. Tulipofika pwani ya pili mama alinibeba mgongoni, akashika njia ya Ipinda hadi kwenye zahanati.

Kulikuwa na daktari, mwanamke wa Kizungu mrefu mwenye mikono mikavu, na dresa wake, yaani msaidizi wa kufunga vidonda na kuchoma sindano, Mnyakyusa kijana aliyechana nywele njia upande mmoja. Daktari alinivua gauni. Akaweka kidole chake mgongoni kwangu, kidole kimelala, na kwa kidole cha mkono wa pili akakigonga.

Sidhani kama naweza kueleza vizuri jinsi nilivyoshtuka. Nilikuwa nimeona kitendo kile kila siku ya maisha yangu, lakini sikuwa nimewahi kukiona kikifanywa kwa mtu. Aligonga juu, karibu na shingo, nami nikasikia ndani ya mwili wangu mwenyewe sauti iliyo wazi. Akashuka. Akashuka tena. Chini ya bega la kulia sauti ikafa. Akahamia kushoto, ikalia. Akarudi kulia, imekufa.

Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake imelowa hadi magotini, na nilijua kwa uso wake kwamba amesikia. Uso ule niliufahamu. Ndio aliokuwa nao kabla ya kwenda nyuma ya nyumba.

Daktari akasema maneno mengi, dresa akayageuza kwa Kiswahili. Nilazwe hapo. Nichomwe sindano kubwa ubavuni, na kuna dawa mpya, nzuri sana, iliyokuja baada ya vita. Mama aliitikia kila neno kwa adabu. Alipomaliza kuitikia akanivalisha gauni, akanipandisha mgongoni, akatoka. Dresa akatufuata hadi uani.

“Mama, unakwenda wapi na mgonjwa?”

“Nyumbani. Nimesikia.”

“Umesikia nini?”

“Alichosikia daktari,” mama akasema, “na ninyi mmekisikia. Asanteni.”

Kijana wa watu alibaki amesimama pale. Nadhani alifikiri mama ameogopa sindano, kama wengi walivyoogopa. Hakujua kwamba amezungumza na mwanamke ambaye ameshapokea hukumu katika lugha anayoifahamu kuliko lugha zote.

Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha mafunzo ya uuguzi nilichokinunua kikiwa hakina jalada, nilisoma kwamba namna ile ya kugonga kifua ilibuniwa Ulaya na daktari ambaye baba yake alikuwa na nyumba ya wageni. Alipokuwa mtoto alimwona baba yake akigonga mapipa ya mvinyo ili kujua yamejaa hadi wapi. Nilikifunga kitabu. Yule alijifunza kwenye mapipa, kitu ambacho kazi yake ni kujaa. Mama alijifunza kwenye vyungu vitupu vilivyotoka motoni. Sauti ni ileile. Kwa yule ilimaanisha kuna kitu ndani. Kwa mama ilimaanisha kitu kimekwisha.

Nyumbani mama alihamisha mkeka wangu akanitandikia chumba cha nyuma. Leo nadhani alitaka nipate utulivu, mbali na moshi wa jikoni. Wakati ule nilielewa kitu kimoja tu. Ukuta wa chumba kile ulitazamana na vyungu vya majivu. Nilipolala niliviona kupitia upenyo wa mianzi, vimekaa kwenye mvua na midomo wazi. Nimewekwa navyo. Nilisubiri nianze kupewa majivu. Sisemi kwa mfano, nilisubiri kweli, na mama alipoingia na bakuli nilichungulia kwanza.

Bakuli lilikuwa na supu ya kuku. Hilo lilinitisha zaidi, maana kuku wetu hawakuchinjwa hovyo. Nilimwaga maji kwenye mkeka, hakunikaripia. Nilikataa kula samaki mbasa aliyenikaangia, akamtoa miiba na kunibembeleza kwa sauti ya upole ambayo sikuwa nimeisikia kwake. Mama yangu hakuwa mtu wa sauti ya upole. Alipotoka nilijigonga kifua kwa kifundo cha kidole, mara chini, mara juu, nikitafuta pembe ambayo ingelia. Nilifikiri nikiipata nitamwita aje asikie.

Mama mdogo alikuja akakuta hali ile, akagombana na mama mlangoni, wala hawakujali kama nasikia. Alimwambia kwamba daktari amesema kuna tiba, na kwamba mtoto si chungu.

“Wewe umefinyanga miaka mingapi?” mama akamuuliza.

“Umri wangu wote, unajua.”

“Umewahi kukiziba kilichopasuka motoni?”

“Sijawahi. Lakini pia sijawahi kukinywesha supu ya kuku.”

Mama mdogo akatoka amenuna, lakini hakwenda kwake.

Siku hizo kulikuwa na kazi ya kuchoma sindano za buba, ugonjwa wa vidonda uliowasumbua watoto wa mwambao, na dresa alizungukia vijiji vya ufukweni kwa mtumbwi. Mama mdogo alimngojea majini. Alimleta nyumbani akiwa amemshika mkono wa koti, kama mtu anayeleta mwizi kwa jumbe, na suruali yake imelowa kwa sababu hakumpa nafasi ya kuikunja.

“Mugonile, mama,” dresa akasalimu.

“Ndaga,” mama akaitikia, akampa kigoda. Heshima haikumpungukia.

Dresa alieleza upya. Kwamba ndani ya kifua changu, nje ya pafu, kumekusanyika maji, na ndiyo yanayobana pumzi. Mama alisikiliza huku akisugua shingo ya mtungi kwa kokoto yake laini. Alipomaliza, mama akamwambia kwamba yeye hajasoma, lakini sauti ile anaijua. Dresa akatazama kile kilichokuwa mikononi mwa mama, akatazama vyungu vilivyopangwa barazani, na nadhani ndipo alipong'amua alikokosea siku ile ya kwanza. Akaomba chungu kizima. Mama akampa kimoja baada ya kukigonga, kikalia. Dresa akakijaza maji hadi nusu, akakiweka juu ya kata, pete ya nyasi ya kukalishia chungu, akamrudishia.

“Gonga tena, mama. Juu, kisha chini.”

Mama akagonga. Juu kililia. Chini sauti ilikufa.

“Kimepasuka?”

“Kina maji. Hata mtoto anajua hilo.”

“Basi ulijuaje kwamba huyu amepasuka, na si kwamba ana maji?”

Mama akasema, karibu kwa kejeli, kwamba hajapata kuona chungu kilichojijaza chenyewe kikiwa rafuni. Mama mdogo akacheka peke yake, akaacha.

Dresa aliingia chumbani, akanitoa, akaniketisha barazani na mgongo wangu ukielekea mwanga. Hakunigonga yeye. Alimwomba mama anigonge. Mama alikataa, akakataa tena. Nilihisi mkono wake ulipofika mgongoni, na ulikuwa baridi na wenye udongo. Aligonga akishuka polepole, na pale sauti ilipokufa dresa akachovya kidole katika udongo mweupe wa kupambia vyungu, akachora mstari mgongoni kwangu. Wakafanya hivyo hadi ubavuni.

“Sasa tumlaze,” akasema. “Ubavu mzima chini, mbovu juu. Si kwa muda mrefu, pumzi itambana.”

Walinilaza. Pumzi ilinibana kweli, nikaona giza la kijani, nikafikiri ndio nimefika. Mama aligonga ubavuni, chini ya mstari, pale ambapo muda mfupi uliopita palikuwa pamekufa.

Palilia.

Aligonga tena. Mama, ambaye hakuwahi kugonga kitu mara ya pili, aligonga tena na tena mahali palepale, na palilia. Dresa akachutama karibu naye.

“Ufa hauhami, mama,” akasema. “Maji ndiyo yanayohama.”

Mama alijitupa nyuma akakaa chini kwenye udongo uliolowa, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto. Macho yake hayakunitazama mimi wala dresa. Sijawahi kuona tena mtu mzima aliyeshtuka kiasi kile. Mama mdogo ndiye aliyeninyanyua, na kabla mama hajasimama alikuwa ameshamwaga vyungu vyote vilivyokuwa kwenye mtumbwi ili nipate nafasi ya kulala.

Kule zahanati walinikalisha nikiwa nimekumbatia mto. Nilisikia neno kutoboa nikajua kwamba naenda kuvunjwa, kwa kuwa kifaa cha udongo ukikitoboa hubaki vigae. Nilipiga kelele hadi sauti ikakatika. Mama alinishika mikono yote miwili. Sindano iliingia kati ya mbavu, na katika bomba la kioo yakapanda maji ya manjano, mazito kidogo, yenye povu. Daktari aliyamwaga kwenye beseni, akavuta mengine. Beseni lilijaa hadi nusu. Nililitazama bila kupumua, kisha nikagundua kwamba napumua, na kwamba pumzi inafika chini, mahali ambapo nilikuwa nimesahau kwamba pana njia.

Kwa sindano ileile daktari aliingiza dawa mpya, na kila siku baada ya hapo nilichomwa nyingine pajani. Dresa alituambia inaitwa penisilini, na kwamba imetokana na kuvu. Mama mdogo alidhani anataniwa. Akamwambia kama ni hivyo basi sisi ni matajiri, aje akwangue viatu vya shemeji yake, akachukue na kitabu cha nyimbo. Dresa alicheka, lakini akasisitiza: ni kuvu, namna moja katika nyingi, mtu aliiona kwa bahati kwenye sahani ikiwa imeua vijidudu vilivyoizunguka, na wenye elimu walihangaika miaka mingi kabla ya kupata dawa yake ya kutosha kuwachoma watu. Nilikaa na maneno hayo kitandani nikitazama dari. Kitu ambacho mama alikifuta kila asubuhi kwa kitambaa, akikilaani, kilikuwa kinapita ndani ya damu yangu kuniponya. Bado kinanishangaza. Nimesoma yote niliyoweza kuyapata juu yake, na bado.

Siku homa ilipokoma, dresa alikuwa akichemsha sindano zake, na mama alikuwa ameketi kando ya kitanda changu. Ndipo mama akazungumza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei.

“Aliyemtangulia huyu alikuwa vivi hivi. Kichomi, homa, akakonda. Daktari hakumwona. Nilimgonga mwenyewe nyumbani.” Akamtazama dresa. “Naye alikuwa na maji?”

Sikuwa nimewahi kusikia kwamba kuna aliyenitangulia. Nilijua mimi ndiye wa kwanza. Niligeuka kumtazama, naye hakugeuka. Mama mdogo, aliyekuwa mlangoni, akatazama nje.

Dresa alizima jiko. Alichukua muda kulizima.

“Wakati ule dawa hii haikuwapo duniani, mama,” akasema. “Hata mfalme angekufa.”

Mama aliyapokea maneno yale, akayarudia taratibu kwa Kikisi kama anayejifunza wimbo. Usiku huo alilala sakafuni chini ya kitanda changu, na nilimsikia akikoroma. Tulipovuka kurudi nyumbani, mama mdogo akipiga kasia na mgongo wake ukitutazama, mama aliniambia jina. Dada yangu aliitwa Tusekile. Alikuwa ameanza kufinyanga vichungu vidogo vya kuchezea.

Maneno ya dresa nimeyapima tangu nilipoanza kujua kusoma vitabu vya namna hiyo. Kuhusu dawa alisema kweli. Penisilini ilikuwa changa, umri wake kama dawa haukupishana sana na wangu, na Tusekile alikufa kabla yake. Lakini sindano ya kutoa maji kifuani ilikuwapo tangu enzi za babu zake babu. Vitabu vinasema kwamba peke yake haikuwaponya wote, wengi walikufa hata baada ya kutolewa maji. Vinasema pia kwamba wengine walipona. Dresa alilijua hilo, ilikuwa kazi yake, na siku ile alichagua nusu moja ya ukweli akampa mama.

Nami nilipolijua sikumpelekea mama ile nusu ya pili. Aliishi hadi uzee akisema kwamba dawa ilichelewa. Niliuliza wazee wa upande wa tambarare, nikapata hakika: zahanati ile ilikuwapo tangu kabla Tusekile hajaugua. Daktari alikuwapo, mwingine, na sindano ilikuwa inachemka kwenye sufuria yake, safari ya asubuhi moja kwa mtumbwi, siku ambayo mama alimgonga Tusekile mara moja tu.